Nukta za mwanafunzi: hadubini ipi inaonyesha nini ndani ya seli

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Maabara yetu ina hadubini za kawaida za mwanga. Lenzi ya juu kabisa ni ya mara 100, ile ya kutumia mafuta. Juzi wanafunzi walitazama seli za shavu zilizotiwa rangi ya methilini bluu. Mmoja akachora kiini, mitokondria na ribosomu, akaapa kwamba ameziona zote. Mimi niliona kiini tu. Nimekuta tangazo la lenzi ya jicho inayofikisha ukuzaji wa mara 2,500. Je, nikiipata tutaziona? Kama sivyo, ni hadubini gani hasa inayofaa kuchunguzia seli? Na yule kijana nimpe alama?

Jibu: Mwalimu, nianze na lenzi ili fedha zibaki mfukoni: achana nayo. Haitakuonyesha ribosomu, vile vichembe vinavyounda protini, wala kitu chochote ambacho hadubini yenu ya sasa haikuonyeshi. Itakupa ukungu uleule, ila mkubwa zaidi. Umewahi kuvuta picha ya simu kwa vidole ili usome namba ya gari lililo mbali? Namba inakua, inajaa kioo cha simu, na bado haisomeki. Lenzi hiyo haina tofauti.

Neno ukuzaji limewapoteza wengi kwa sababu ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Cha kuuliza hasa ni uwezo wa kutenganisha: nukta mbili zisogeleane mpaka wapi kabla hujaanza kuziona kama nukta moja? Jicho tupu huzitenganisha nukta zilizoachana kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hadubini ya mwanga inashuka chini sana ya hapo, lakini nayo ina sakafu yake, na sakafu hiyo hajaiweka fundi aliyeiunda. Imewekwa na mwanga wenyewe. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na vitu vilivyokaribiana kuliko takribani nusu ya urefu wa wimbi moja huchanganyika na kuwa doa moja. Mjerumani Ernst Abbe aliliweka jambo hili kwenye hesabu mwaka 1873, na hesabu yenyewe ni fupi, unaweza kuifanya ubaoni.

Tazama ubavuni mwa lenzi inayokaa karibu na slaidi. Utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ukuzaji, 40 au 100, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili, ambayo ni nadra mtu kuiuliza, huwa kama 0.65 kwenye lenzi ya 40 na 1.25 kwenye lenzi ya mafuta. Inaeleza jinsi lenzi inavyoweza kukusanya mwanga unaotoka kwenye kitu kwa pembe pana. Tuiite namba ya apecha. Chukua urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, nanomita 550 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ugawanye kwa mara mbili ya namba hiyo. Lenzi ya 40 inakupa nanomita 423 hivi. Ya mafuta inakupa 220. Hapo ndipo sakafu ilipo. Kanuni ya mkononi ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara 1,000 ya namba ya apecha, yaani kwenu ni 1,250. Lenzi ya jicho ya mara 10 juu ya lenzi ya 100 imeshakufikisha 1,000. Mmeshafika karibu na kileleni. Hizo 2,500 za kwenye tangazo ni kupanda ngazi isiyoegemea ukuta.

Sasa linganisha. Ribosomu ina upana wa nanomita 25 hadi 30. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 au 8. Vyote viko chini kabisa ya ile 220. Mwanafunzi wako hakuiona ribosomu, na hakuna mtu yeyote, hata mwenye hadubini nzuri kupita zote za aina hiyo, ambaye angeiona.

Mitokondria, vile viungo vinavyoipa seli nishati, ni hadithi nyingine, na hapa nakuomba usimhukumu kijana upesi. Upana wake ni kama nusu mikromita mpaka mikromita moja, yaani nanomita 500 hadi 1,000. Hiyo iko juu ya sakafu. Richard Altmann alizieleza mwaka 1890, na Carl Benda akazipa jina hili tunalolitumia mwaka 1898, miongo mitatu na ushee kabla hadubini ya elektroni haijabuniwa. Walikuwa na lenzi na mwanga, kama nyinyi. Kwa nini basi wewe hukuziona?

Kwa sababu seli ni kitu cha majimaji kilicho ndani ya majimaji. Mwanga unapita kwenye sitoplazimu, ute unaoijaza seli, na kutoka karibu vilevile ulivyoingia. Kipande cha kioo ndani ya ndoo ya maji ni vigumu kukiona, ingawa ni kikubwa kuliko mkono wako. Kwa hiyo ukubwa ni sharti la kwanza tu; la pili ni kwamba kitu kitofautiane na kilichokizunguka. Ukiitazama historia ya hadubini kwa jicho hili, utaona kwamba sehemu kubwa ya ubunifu haikuhangaika na kukuza. Ilihangaika na kukifanya kisichoonekana kijitokeze.

Na kazi hiyo inaanza na kifaa ambacho tayari kiko kwenye meza yako. Chini ya jukwaa la slaidi kuna kondensa, lenzi inayokusanya mwanga wa taa kwenye slaidi, na kwenye kondensa kuna kiwambo chenye kijiti cha kufungulia na kufungia. Watu wengi wanakitumia kupunguza mwanga ukiwa mkali. Hiyo siyo kazi yake. Mwanga upunguze kwenye taa. Chukua ngozi ile laini ya ndani ya gamba la kitunguu, iweke kwenye tone la maji bila rangi yoyote, ifunike, tumia lenzi ya 40. Kiwambo kikiwa wazi kabisa utaona kuta za seli kama mistari hafifu, na katikati weupe mtupu. Anza kukifunga polepole huku jicho likiwa kwenye lenzi. Kuta zinakolea. Kisha kiini kinaibuka kama kifungo cha kioo kilichobanwa ukutani. Kisha, ukiwa mvumilivu na seli ikiwa hai, utaona vichembe vidogo vidogo vikienda kwa foleni kwenye nyuzi nyembamba za sitoplazimu, vingine vinasita, vingine vinageuka na kurudi. Ukifunga zaidi ya hapo, kila kichembe kinavaa pete nyeusi na picha inaharibika, kwa maana kiwambo kilichobanwa mno kinakunyang'anya ile apecha uliyoilipia. Kuna mahali katikati ambapo unapata tofauti bila kupoteza utenganishaji, na mahali hapo hubadilika kwa kila lenzi. Mwanafunzi aliyejifunza kukitafuta ameshajua zaidi ya nusu ya kazi.

Nikukiri jambo. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilichora kwa uangalifu mkubwa, hadi kivuli nikatia, kitu cha mviringo chenye ukingo mnene mweusi, nikakiandika "seli". Kilikuwa kiputo cha hewa. Ukingo mweusi mnene ulio laini kuzunguka pande zote sawasawa ni hewa. Seli haina ukingo wa namna hiyo. Tangu siku hiyo naamini wanafunzi wafundishwe kiputo kabla ya seli.

Mafuta nayo yana sababu, yasije yakaonekana kama desturi tu. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha slaidi na kuingia hewani hupinda kwenda nje, na ule ulioinama sana hauingii kwenye lenzi kabisa. Mafuta yanayopindisha mwanga kwa kiasi kilekile cha kioo huziba pengo hilo, nao unapita moja kwa moja. Bila mafuta lenzi ya 1.25 haiwezi hata kufikia 1.0. Anayetumia lenzi ya 100 ikiwa kavu anaona kitu kikubwa, lakini anaona vibaya kuliko kwa lenzi ya 40.

Njia ya pili ya kujitokeza ni rangi. Methilini bluu ina chaji chanya, hivyo hung'ang'ania asidi za DNA na RNA, ndiyo maana kiini kinakolea. Haijui mitokondria na haijali. Inayozijua ni rangi iitwayo Janus kijani B. Seli ikiwa bado hai, sehemu nyingine huipunguza rangi hiyo mpaka inapauka, lakini vimeng'enya vya mitokondria huirudisha kwenye hali yake ya bluu-kijani, zikabaki zimewaka peke yake kwa muda kabla seli haijachoka. Ukitaka wanafunzi waione mitokondria kwa macho yao na hadubini mliyonayo, tafuta rangi hiyo, si lenzi. Watakachokiona ni vijinukta na vijiuzi. Mikunjo ya ndani ile inayochorwa vitabuni haitaonekana, kwa hesabu ileile ya Abbe.

Tatizo la rangi nyingi ni kwamba zinaua. Unajifunza maisha ya seli kwa kuikagua maiti yake. Mholanzi Frits Zernike alipata njia ya kulikwepa hilo katika miaka ya 1930. Alijua kwamba mwanga unaopita kwenye kiini unacheleweshwa kidogo kuliko ule unaopita pembeni, kwa kuwa kiini ni kizito zaidi. Jicho haliwezi kuona kuchelewa. Linaona mwangaza na rangi tu. Akatengeneza mfumo wa pete mbili, moja kwenye kondensa na nyingine ndani ya lenzi, unaogeuza kuchelewa kuwa giza. Ghafla seli hai, bila tone la rangi, ikaonekana na vitu vyake vyote: kromosomu zikijipanga, seli ikijibana kiunoni na kugawanyika, mitokondria zikitambaa kama nyuzi. Hiyo ndiyo hadubini ya fezi, na ilimpa Zernike Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1953. Kama shule yako itapata nafasi ya kununua kitu kimoja tu siku za usoni, mimi ningechagua lenzi za fezi na kondensa yake kabla ya kamera, kabla ya skrini, kabla ya kila kitu. Lawama yake ni duara jeupe linalozizingira seli nene, ambalo mgeni hulidhani ni sehemu ya seli. Kuna ndugu yake, mfumo wa Nomarski, unaotoa picha kama iliyochongwa kwenye udongo. Inapendeza, ila kivuli kile usikipime kama kimo. Kinaonyesha mahali mwanga unapobadilika, si mlima wala bonde.

Mpaka hapa tunaona seli nzima. Lakini anayechunguza seli leo mara nyingi hataki kuona seli nzima. Anataka kujua protini moja iko wapi, kati ya maelfu ya aina zilizomo. Kwa swali hilo, hadubini ya fluoresensi haina mpinzani. Unaifunga protini yako na molekuli inayopokea mwanga wa bluu na kutoa wa kijani. Unachuja bluu yote kabla haijafika jichoni. Kinachobaki ni nukta za kijani kwenye giza totoro. Fikiria nyota. Hakuna anayeweza kuona umbo la nyota kwa jicho, iko mbali mno, lakini kila mtu anaiona ipo na anaweza kuinyooshea kidole. Molekuli moja ya fluoresensi ni hivyohivyo: ndogo mara mia kuliko sakafu ya Abbe, na bado inaonekana kwa kuwa inang'aa gizani. Mwanafunzi anayeuliza "mbona unasema haionekani, kisha unasema inaonekana" ameuliza swali zuri sana. Kuona kwamba kitu kipo na kuona umbo lake ni mambo mawili.

Taa iliyoleta mageuzi ilitoka baharini. Osamu Shimomura aliitenga protini ya kijani kutoka kwa konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni yake ukiihamishia kwa bakteria au kwa mnyoo mdogo anayeitwa Caenorhabditis elegans, kiumbe kinajing'arisha chenyewe, bila kutiwa kitu kingine. Roger Tsien akaiboresha na kuongeza rangi nyingine. Wote watatu waligawana Nobel ya Kemia mwaka 2008. Tangu hapo mtu anaweza kuunganisha jeni hiyo na jeni ya protini anayoitaka, kisha akakaa akiitazama ikisafiri ndani ya seli hai saa nzima.

Akiweza kukaa saa nzima, maana hapa nako kuna gharama. Kila molekuli hung'aa kwa muda kisha huzima moja kwa moja, na mwanga mkali wa bluu huzalisha ndani ya seli kemikali zinazoiumiza. Nimewahi kufuatilia seli zilizoacha kugawanyika, nikaanza kujijengea nadharia ya kuvutia, kumbe taa yangu ndiyo iliyokuwa inazichoma. Siku hizi kabla ya kuamini jambo lolote naacha kundi moja la seli gizani na kulitazama mara moja tu mwishoni. Kama kundi hilo halikufanya yale niliyoyaona, basi nilikuwa naitazama taa yangu.

Seli nene huongeza shida nyingine: mwanga kutoka juu na chini ya sehemu unayoilenga unaingia na kuchafua picha. Marvin Minsky, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa mambo ya akili bandia, aliomba hataza mwaka 1957 ya kifaa chenye kitundu kidogo mbele ya kipokezi, kinachoruhusu mwanga wa tabaka moja tu upite. Ndiyo hadubini ya konfokali. Unaikata seli kwa mwanga, tabaka baada ya tabaka, bila kisu, halafu kompyuta inayapanga matabaka na kukupa umbo zima.

Na sakafu ya Abbe? Nayo ilitobolewa, kwa ujanja badala ya nguvu. Ukiwasha nyota zote kwa pamoja, doa la hii linafunika la ile. Lakini ukiziwasha chache chache, ukaandika katikati ya kila doa, ukazizima na kuwasha nyingine, mwisho una ramani iliyo sahihi kuliko doa lolote. Eric Betzig na William Moerner walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa njia ya kufuata molekuli moja moja, pamoja na Stefan Hell aliyetumia njia nyingine, ya kuzima ukingo wa doa kwa leza ya pili. Sasa nanomita 20 hadi 50 zinafikika kwa mwanga. Mwaka 2013 watafiti wa maabara ya Xiaowei Zhuang walionyesha kwa hadubini ya aina hii kwamba ndani ya mkia mrefu wa seli ya neva, protini ya aktini imejipanga pete kwa pete, moja kila nanomita 190 hivi, kama pingili za mwanzi. Mikia hiyo ilikuwa imeshatazamwa kwa hadubini za elektroni kwa miongo mingi, na mpangilio huo haukujulikana. Kwa hiyo ukisikia mtu anazipanga hadubini kama ngazi, ya mwanga chini na ya elektroni juu, mwambie habari ya pete hizi.

Sasa tuje kwenye picha ya kitabuni, ile iliyomponza kijana wako. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya kwanza ya elektroni mwaka 1931, na Ruska akasubiri mpaka 1986 kupewa Nobel. Wazo ni rahisi: kama tatizo ni urefu wa wimbi, tafuta wimbi fupi. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 ina wimbi la nanomita 0.004 hivi, fupi zaidi ya mara laki moja kuliko la mwanga wa kijani. Ni kwa kifaa hiki George Palade alieleza, mwaka 1955, vichembe ambavyo baadaye viliitwa ribosomu.

Ila hebu sikia yanayoipata seli kabla haijafika chini ya elektroni. Elektroni hazisafiri hewani, kwa hiyo chumba kinatolewa hewa yote, na maji ya seli yangechemka humo yakaisha. Basi seli inakazwa kwanza kwa glutaraldehidi, dawa inayozifunga protini zake mahali zilipo, inalowekwa kwenye osmiamu, metali nzito inayoganda kwenye mafuta ya utando ili elektroni zipate kitu cha kugonga. Maji yanaondolewa kwa alkoholi, yanajazwa plastiki ya majimaji, plastiki inaokwa mpaka inakuwa ngumu kama jino. Kisha kisu cha almasi kinakata vipande vyembamba vya nanomita 50 hadi 100, vinavyoelea juu ya maji kama utepe wenye rangi ya fedha. Seli ya shavu yenye upana wa mikromita 60, ukiikata toka upande mmoja hadi wa pili kwa vipande vya nanomita 70, inatoa zaidi ya vipande 850. Picha ya kitabuni ni kimoja kati ya hivyo.

Ndiyo maana mitokondria ya vitabuni ina umbo la yai. Kata fungu la kamba kwa panga: utaona miduara na mayai, hutaona kamba. Katika seli nyingi zilizo hai mitokondria ni nyuzi ndefu zinazoungana, zinaachana na kuungana tena, na anayezitazama kwa fluoresensi mara ya kwanza hudhani amekosea slaidi.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo la umbo, na mimi hupenda kulisimulia. Katika miaka ya 1950 na 1960 picha za elektroni za bakteria zilionyesha vifuko vilivyokunjamana vikitokea kwenye utando wao. Vikapewa jina, mesosomu, vikapewa na kazi: eti vinasaidia kupumua, eti vinagawanya DNA. Vikaingia vitabuni. Baadaye bakteria walipogandishwa kwa haraka sana badala ya kulowekwa kwenye kemikali, vifuko havikuonekana. Vilikuwa mikunjo iliyoletwa na dawa yenyewe ya kuwaandaa. Kiungo kizima kilikuwa kimezaliwa mezani kwa mtayarishaji.

Kugandisha kwa haraka ndiko kulikozaa hadubini ya elektroni ya baridi. Sampuli inachovywa kwenye ethani ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 180 hivi chini ya sifuri, kwa kasi ambayo maji yanaganda bila kupata muda wa kuwa fuwele. Hakuna osmiamu wala plastiki. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo mwaka 2017, na kwa njia hii ribosomu imeonekana karibu atomi kwa atomi. Ile aina nyingine ya elektroni, inayopapasa uso wa kitu kilichopakwa utando wa dhahabu, ni nzuri kwa sura za nje: vinyweleo vya seli za koo, chembe nyekundu za damu na bonde lake la katikati. Haioni ndani. Na zote hizi, mwalimu, hutoa picha nyeusi na nyeupe. Elektroni hazina rangi. Zambarau na machungwa ya vitabuni ni kazi ya mtu na kompyuta yake.

Kwa hiyo unaponiuliza hadubini gani inafaa kuchunguzia seli, nami nakuuliza: unataka kujua nini, na uko tayari kuifanya nini seli ili uambiwe? Kama ni kuhesabu na kutambua, mwanga na rangi vinatosha. Kama ni mwendo na mgawanyiko, fezi. Kama ni protini fulani imekaa wapi, fluoresensi, na ukubali kwamba kila usichokiwekea taa kitabaki gizani kana kwamba hakipo. Kama ni umbo la utando, elektroni, na ukubali maiti. Maabara kubwa hutazama seli ileile kwa mbili au tatu, kwa sababu uongo wa moja mara nyingi haufanani na uongo wa nyingine.

Nimerudi kwa kijana. Pima mchoro wake kwa rula. Tuseme seli aliyoichora ina upana wa sentimita 12. Seli halisi ni mikromita 60, kwa hiyo mchoro umekuzwa mara 2,000. Kwa kipimo hicho ribosomu ingekuwa sehemu ya ishirini ya milimita, na nukta ya penseli ina kama nusu milimita, mara kumi zaidi. Hata penseli yake haiwezi kuichora. Ribosomu zake alizitoa kitabuni; zikate, na mwonyeshe hesabu.

Nukta kubwa alizoziita mitokondria zinaruhusiwa na kipimo: zingekuwa na milimita moja au mbili kwenye karatasi. Ila kumbuka mlitumia methilini bluu, ambayo haizikolezi. Vitu vyenye ukubwa huohuo vinavyokolea bluu nzito kwenye sampuli ya shavu viko vingi, navyo ni bakteria wa mdomoni, waliong'ang'ania juu ya seli, mara nyingi wawili wawili au kwa mnyororo. Mrudishe kwenye slaidi, atumie mafuta, atazame kioo kitupu pembeni mwa seli. Kama nukta zake ziko na huko pia, mpe alama kamili za kuziona, halafu afute jina alilozipa.